Shangazi wa Kwenye Simu

Saa tisa na dakika nne alasiri, binti alipiga simu kituo cha dharura. Alinong'ona kwamba ametekwa, yumo ndani ya buti la gari, na kioo cha simu kimepasuka, hakionyeshi kitu.

Gari la doria lilikuwa bado mbali. Mpokeaji simu akasikia buti likifunguliwa.

"Unaongea na nani?" mwanamume alifoka.

"Shangazi!"

Simu ikanyakuliwa. Kazini, kila sauti mpya hupokewa kwa "Dharura, nikusaidie nini?" Maneno hayo yalishamfika mpokeaji simu mdomoni. Aliuma ulimi mpaka akaonja damu.

"Wewe nani na simu ya mwanangu? Mwambie huyo mvivu vyombo vinamngoja!"

Pumzi nzito.

"Shikamoo, shangazi," alisema yule mwanamume.