Bitana ya Joho la Padri

Fundi cherehani alipoifumua bitana ya joho la padri, aliuweka mkasi chini.

Upande wa ndani wa ile hariri palikuwa pamefumwa, kwa uzi wa dhahabu, jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, lile lile alilolitaja alfajiri juu ya mswala wake. Lilijirudia toka begani hadi kwenye pindo.

“Joho la zamani hilo, mama,” alisema padri kutoka kwenye benchi, akijipepea kwa kofia. “Wengine wanasema hariri yake ilitekwa vitani, wengine ilinunuliwa sokoni. Mimi nataka tu lisinichanikie mbele ya waumini.”

Akimwambia padri, huenda jina likanyofolewa, likaishia jalalani. Fundi akauinamia mshono. Ndipo alipoona vipande vya nyuzi kwenye matundu ya sindano: kimoja cheusi, kimoja chekundu, kingine cha kahawia. Mafundi watatu walishaifumua bitana hii kabla yake, na kila mmoja akaifunga tena.

“Vipi, kuna tatizo?”

“Hakuna neno, padri. Bitana bado nzima.” Akapiga bismillahi kimoyomoyo, akatunga uzi wa kijani.

“Fundi aliyepita naye alinijibu hivyo hivyo,” padri alisema, akageukia barabarani ili amwache ashone.