Kobe na Garimoshi la Bustanini

Katika bustani ya Mzee Shekiondo kulikuwa na reli ndogo, na kila Jumapili baada ya chai mzee aliliendesha juu yake garimoshi lake la kuchezea. Mbwa alilibwekea, nalo likatokomea. "Mmeona? Nimelifukuza!" alijigamba. Lilipozunguka na kurudi, alidhani ni jingine, akalifukuza na hilo. Bata wakamwita shujaa.

Jumapili moja asubuhi, Kuku alikutwa ameatamia mayai ndani ya handaki la reli.

"Siondoki," alisema. "Wanangu wameanza kudonoa maganda."

"Usijali, dada," alisema Mbwa. "Halitafika hapa."

Bata walishangilia. Paka alitaka kwanza kiitishwe kikao. Kobe, aliyekuwa mbali kwenye mchicha, alianza kutembea.

Baada ya chai garimoshi lilikuja. Mbwa alibweka mpaka sauti ikamkauka, nalo likampita. Mlangoni pa handaki Kobe ndiyo kwanza alikuwa anafika. Alipanda relini, akaingiza kichwa kwenye gamba, akatulia. Ko! Garimoshi likapinduka.

Mzee Shekiondo alikuja mbio, akachungulia handakini. "Kumbe humu kuna mzazi!" alisema, akalibeba garimoshi lake akaenda kulifungia ndani.

"Kaka Kobe, hukuogopa?" Bata wakauliza.

"Niliogopa sana," alijibu. "Lakini mimi na kukimbia, wapi na wapi?"

Vifaranga walipokua, garimoshi lilirudi relini. Mbwa bado hulibwekea, ila siku hizi hubweka akiwa nyuma ya Kobe.