Shimo la Baltazar

Duara la tano lilikuwa kijani kupita mengine yote. Tumpe alilikodolea macho kwenye kishikwambi, droni ikivuma juu ya mahindi, akajua amelipata.

Hakufurahi. Ilikuwa siku ya sita anazunguka kwenye mashamba haya nje ya Songea, shingo imekakamaa, macho yanawasha kwa jua. Alitumwa kutafuta mashimo ya zamani ya kuchimbia mawe, yaliyofukiwa na kulimwa juu yake, baada ya trekta moja kuzama mwezi uliopita. Ukisimama chini huoni kitu. Ukitazama kutoka juu, mahindi yenyewe yanasema: penye kifusi mizizi hushuka mbali, majani hukolea.

Lakini kijiji kizima kilikuwa kikingoja shimo moja tu, lile lililomfukia Baltazar miaka thelathini na mitano iliyopita, mvua zilipobomoa kuta zake. Mwili haukupatikana. Kila Novemba alisomewa misa. Mwanawe Sixbert alikuwa ameshachongesha kijeneza cha mifupa.

"Limeonekana?"

Alikuwa Mama Walburga, mjane wa Baltazar, na chupa ya chai mkononi kama kila siku.

"Shikamoo, Mama. Nadhani ndilo."

"Marahaba." Akajikalisha taratibu juu ya tuta. "Hiyo mashine yako inaona mifupa?"

"Hapana. Inaona mahindi tu."

Mama Walburga akashusha pumzi. "Basi usiliweke kwenye ramani, mwanangu."

Tumpe alikuwa amechoka kiasi cha kutamani kukubali. Tena alimwonea huruma. Nani angependa kumwona mumewe akitolewa ardhini kwa sepetu?

"Nikiliacha, mtu mwingine atazama," alisema. "Lazima niliweke."

"Sixbert atachimba kesho."

"Labda ndiyo vizuri, Mama. Mtamzika kwa heshima, na wewe upumzike. Umemlilia muda mrefu."

Mama Walburga alimimina chai, akampa kikombe bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye barabara iendayo Tunduru.

"Wakichimba watakuta udongo," alisema. "Baltazar alipiga hodi kwangu mwaka wa tatu baada ya shimo kubomoka. Anatokea Nalasi, huko Tunduru, amenenepa, ana shati jipya. Watoto walikuwa shuleni. Nikamwambia mume wangu amekufa na nimeshamaliza kumlilia, aende zake."