Ridhaa ya Moza

Ismaili aliruka chini kabla lori la korosho halijasimama sawasawa. Kandambili moja ikabaki ndani. Dereva akampigia kelele airudie, lakini yeye alikuwa keshafika mbali, anakimbia mguu mmoja peku kuzielekea nyumba za kijiji cha ujamaa cha Tingi.

Habari aliipata jana yake sokoni Lindi, kwa utingo aliyeisema kama salamu tu: "Hongera, bwana. Kesho alasiri dada yako anaolewa."

Dada yake ni mmoja, Moza. Na Moza hasikii wala hasemi tangu kuzaliwa.

Harusi gani hii ya chapuchapu, hata kaka mtu haandikiwi? Na mume mwenyewe nani? Abilahi! Fundi cherehani wa duka la kijiji, mgane aliyetokea Songo Mnara, mvi mpaka kwenye nyusi. Moza humshonea vifungo. Njia nzima Ismaili alikuwa akijisemea peke yake: kachoka kumlipa mshonaji, sasa anamuoa.

Kilichomnyima usingizi zaidi ni hiki. Ofisini kwao Lindi, alikokuwa karani, walikuwa wamesomewa sheria mpya ya ndoa. Sheria ilikuwa bado mbichi: mume akubali kwa hiari yake, na mke akubali kwa hiari yake. Wenzake walipiga miayo. Yeye alimfikiria Moza tu. Nani atamuuliza? Na atajibu vipi?

Alifika barazani kwao anahema. Watu walikuwa wamekaa mkekani, shehe katikati, ubani unafuka. Abilahi alikuwa ndani ya kanzu mpya, jasho linamtiririka, vidole vinacheza juu ya magoti, na kila mara jicho lake linakwenda njiani. Mwizi mtupu, Ismaili akawaza.

"Simamisheni!"

"Waungwana husalimu kwanza," shehe akasema.

"Shikamooni. Simamisheni! Moza kaulizwa?"

"Kaulizwa. Nimesimama mlangoni kwake na mashahidi, nikamuuliza, akanyamaza. Mwari akinyamaza ameridhia. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Shehe! Huyu ananyamaza tangu alipozaliwa. Kwa hesabu hiyo keshaolewa na kijiji kizima!"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Baba yao, Mzee Likwata, akamvuta shati. "Mwanangu, kaa chini. Hili hujui lilivyoanza."

"Niambie basi, baba."

Mzee akautazama mkeka. "Yapo mambo hayasemwi mbele za watu."

Loo! Mambo gani hayo ya kumwinamisha baba yake kichwa? Ismaili akamgeukia Abilahi.

"Na wewe, fundi, huna la kusema?"

"Mimi tangu mwanzo nilisema halifai," Abilahi akajibu kwa sauti ya chini. "Kwa umri wangu huu..."

"Mmesikia? Mwenyewe anakiri!" Ismaili akawageukia waliokaa mkekani. "Basi mimi nakwenda mahakamani leo hii. Moza ni mtu, ana haki yake kama mimi na nyinyi. Kutosikia hakumfanyi awe mbuzi, mtu aje amfunge kamba aondoke naye!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Shehe akaiweka chini tasbihi yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Kijana ana hoja. Mleteni binti aulizwe kwa namna atakayoelewa."

Bi Somoe, shangazi aliyemlea Moza tangu mama yao alipofariki, akaingia ndani kumchukua. Moza akatoka, hina mpaka kwenye viwiko, uso umemvimba, macho mekundu. Ismaili alipoyaona macho yale roho ilimuuma vibaya. Kwa hiyo alikuwa ndani analia, na wao huku wanapepea ubani!

"Haya," shehe akamwambia. "Wewe ndiye nduguye. Muulize."

Ismaili aliinua mikono. Ikabaki hewani. Tangu walipokuwa wadogo alijua ishara ya kula, ya maji na ya njoo, basi. Zaidi ya hapo hakuwahi kujifunza. Aliona aibu hata akashindwa kumtazama dada yake.

"Shangazi, niulizie wewe," alisema, sauti imeshuka. "Mwambie asimwogope mtu yeyote, si baba, si shehe. Akikataa, naondoka naye Lindi jioni hii hii."

Bi Somoe akaanza kuonyesha kwa mikono. Hata hajamaliza, mikono ya Moza ilikwishaanza kuruka. Alimnyooshea kidole Ismaili, akamnyooshea Abilahi, akaionyesha njia, akajipiga kifuani, akarudi tena kwa Ismaili, kwa hasira ambayo kila mtu pale aliielewa bila mkalimani. Abilahi alizidi kujikunyata ndani ya kanzu yake. Mzee Likwata alifumba macho.

Bi Somoe akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanatikisika.

"Shangazi! Anasemaje? Anakataa?"

"Anasema aliyeposa ni yeye," Bi Somoe akajibu, machozi ya kicheko yanamtoka. "Fundi kamkataa mara mbili, juzi ndiyo kakubali, tena kwa mbinde, na mwenyewe tangu asubuhi analia akihofu fundi atageuza nia. Kwa hiyo anakwambia: kaka yangu, tafadhali, kaa chini, usije ukamtisha akakimbia."