Kura ya Noreen

Gari la wagonjwa lilipoondoka na mwanawe, Noreen alibaki getini, matope ya uwanja yamemkaukia magotini. Hakuwa amelia.

Mzee wa klabu aliyekuwa akikusanya kura za mashabiki za mchezaji bora alimwona, akaficha sanduku la kura nyuma ya mgongo.

"Pole, dada. Haya yaache, mfuate mtoto."

"Nipe karatasi."

Aliandika namba kumi na tisa wa timu ya wageni. Mchezaji huyo na mwana wa Noreen walikuwa wameruka pamoja kuuwania mpira, akamgonga kijana, kisha akapiga magoti, akamshikilia kichwa kisitikisike hadi madaktari walipofika.

"Si ndiye huyu aliyemvunja shingo?"

"Ndiye," alisema Noreen. "Sogeza sanduku."