Faili la Pili

Mtu yule aliingia studio bila hodi, mkononi ameshika picha aliyoibandua kwenye kioo cha mbele, mdomo umejaa ugoro.

"Huyu binti," alisema. "Mfute. Asionekane popote."

Khairat, mtunza picha wa studio, alimtazama kwa kinyaa. Shati la mtu huyo lilinuka pombe ya juzi. Kidole chake chenye ukucha mweusi kilikuwa kimeganda juu ya uso wa msichana wa kama miaka kumi na mitano, anayecheka kwa meno yote. Swalihu, mwenye studio, alimpiga picha hivi karibuni, katika moja ya safari zake za kazi za harusini, akakata uso peke yake na kuubandika pale uwavute wateja wa Nkuhungu.

"Kwani wewe ni nani yake?"

"Hayakuhusu. Kwenye hiyo kompyuta pia. Futa nikiona."

Akachungulia barabarani, kisha akatema sakafuni, pale pale Khairat alipotoka kupiga deki. Nyongo ilimpanda. Mwanamume mzima anahangaika kufuta uso wa mtoto, na njiani anachungulia kama mwizi wa kuku! Alimfanya nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Khairat aliapa kimoyomoyo kwamba huyu hatamsaidia kuficha.

Bahati nzuri, mtu mwenyewe hakujua kompyuta. Kamera ya Swalihu ilitoka Dubai, miaka ile kila mtu alipojikuta ana jamaa huko. Kila picha iliihifadhi mara mbili: faili jepesi la kusafisha haraka, na faili zito, ghafi, lenye kila kitu kamera ilichokiona. Programu ya kupangia picha iliweza kuyafunga mawili hayo pamoja, ukifuta moja linaondoka na mwenzake. Swalihu alikataza katakata. Jepesi likipotea si kitu, alisema, lakini zito ndilo mama yake. Kwa hiyo walipanga kila moja mahali pake.

Khairat alilichagua lile jepesi, akalifuta. Uso ukatoweka kwenye skrini.

"Kwisha?"

"Kwisha."

"Ukiulizwa, hujawahi kumwona." Akaichana ile picha vipande vipande, akavitia mfukoni, akatoka bila asante.

Khairat alimwaga maji na dawa pale alipotema, akasugua mara mbili huku akimlaani.

Wiki haikuisha, akaja bibi mmoja na mkongojo wake, kanga safi, harufu ya sabuni. Mwanamume aliyemleta alibaki nje na pikipiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naambiwa kwenye kioo chenu kulikuwa na picha ya Ruthu wangu." Machozi yakamlengalenga. "Tunamtafuta tangu mavuno. Sherehe yao na wenzake imeiva nyumbani, amebaki yeye tu."

"Picha ilikuwepo, bibi. Akaja mwanamume mmoja akaiondoa. Ananuka pombe, na ugoro umemjaa mdomoni."

"Huyo ni Tadeo, mjomba wake. Ndiye aliyetuibia mtoto."

Ngozi ilimsisimka Khairat kwa kinyaa. Si alijua! Akamkalisha bibi kwenye kiti cha wateja, akamletea maji ya kunywa, akamwambia asilie.

Alilifungua faili zito. Safari hii hakukata kitu. Alitaka bibi wa watu ampate mjukuu wake mzimamzima, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili, na kila kilichokuwa nyuma yake. Mashine ikanguruma, picha ikatoka ingali na joto. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Tangu siku ile ya ugoro, hii ilikuwa mara ya kwanza moyo wake kutulia.

Bibi hakumtazama mjukuu wake. Alimwita yule mwanamume wa pikipiki, akaweka kidole nyuma ya binti, kwenye kibao cha stesheni.

"Hapa pameandikwaje?"

"Gulwe."

Bibi aliikunja picha, macho makavu. "Basi wahi nyumbani, kamwambie ngariba asiondoke."