Matanga ya Sudi

Mzee Nasibu Kheri aliacha kuigiza miaka arobaini iliyopita, lakini mashine ziliendelea kutengeneza filamu kwa sura yake ya ujanani. Sheria ilimtaka azitazame zote na kuziridhia kabla hazijafika majumbani.

Jumatatu moja aliridhia filamu mpya, akatoka chumbani akilia.

"Mama Zena, mwanetu Sudi amezama."

"Baba Zena, tuna binti mmoja tu. Huyo Sudi ni wa kwenye filamu."

"Unamkana mwanao siku ya msiba?"

Mkewe, Bi Ashura, alimpa maji, akamlaza. Alisema moyoni kwamba akiamka atakuwa amesahau.

Alasiri aliposikia watu nje, alifungua mlango. Majirani, waliokwisha kuiona filamu ile, walikuwa wanatandika majamvi barazani na kufukiza ubani. Akajiandaa kuwaambia ukweli, lakini jirani yake Mwanakombo akamwahi kwa kumkumbatia.

"Pole, shoga yangu. Macho yake yalikuwa yako kabisa."

Bi Ashura akavua viatu, akaketi jamvini pamoja nao.

"Niambie," akanong'ona sikioni mwa Mwanakombo, "alikuwa mrefu kama baba yake?"